London Yetu ya Majivu

Juzi alikuja kunisalimu mwalimu mmoja kijana, ameletwa Mugumu kutoka mkoa wa mbali na bado anatembea barabarani akikwepa vumbi kama paka anayekwepa maji. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Chai haijamiminwa, simu imeshatoka mfukoni. "Mama, ona ninavyofundisha Kiingereza siku hizi. Hii hapa London, unaiona kutoka juu." Nikavaa miwani, nikaona. Mapaa, mto, magari yanatambaa kama siafu. Halafu mtandao ukakata, London ikaganda, tukabaki wawili tunakodolea kiduara kinachozunguka. Nikamwuliza, "Na darasani ikiganda hivi, wanafunzi wanasema nini?" Akajibu kwamba wanakaa kimya, wanasubiri. "Yaani umesomea ualimu uje uwafundishe watoto wa Kikurya kukaa kimya? Hilo sisi lilitushinda!" Akacheka kwa heshima, akamalizia chai yake, akaaga.

Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, nyie mnaokuja na mabegi ya magurudumu kwenye barabara zisizopenda magurudumu. Naitwa Mwalimu Robi. Nimezaliwa Nyamisangura, pale Tarime mjini, nikafundisha Kiingereza Tarime, nikahamishiwa wilaya ya Serengeti, nikastaafu nikiwa hapa hapa Mugumu, na kwa kuwa mdomo haustaafu, nikaendelea. London sijafika. Ndege ninazozijua ni zile ndogo zinazopita juu ya bati langu zikipeleka Wazungu hifadhini, na hakuna aliyewahi kunipungia mkono. Lakini London nimeijenga kwa mikono hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mvua ikinyesha inabomoka, tunaanza upya.

Aliyenifundisha ujenzi huo ni Mwalimu Rwegoshora, Mhaya wa Bukoba, niliyemkuta kwenye shule yangu ya kwanza kule Tarime. Mzee yule alivaa tai hata siku ya kupalilia shamba la shule. Kiingereza chake kilikuwa kirefu. Akikuomba chumvi, ugali ulipoa kabla hajaifikia chumvi yenyewe. Shule nzima ilikuwa na kitabu kimoja chenye sura ya vivutio vya London, na panya walikuwa wamekula daraja lote na nusu ya mnara. Mwalimu mwingine angeiruka sura ile akaenda kwenye barua ya kuomba kazi. Yeye alilitoa darasa nje, akaagiza majivu kutoka jikoni, akaichora London uwanjani.

Mto Thames ulichimbwa na waliochelewa namba, yaani mstari wa asubuhi. Kila asubuhi mto uliongezeka urefu, maana kuchelewa kulikuwa hakuishi. Mlingoti wa bendera ukawa mnara wa saa. Stoo ya majembe ikawa ile ngome ya zamani walimofungia watu na kuwakata vichwa, na watoto waliipenda kuliko sehemu nyingine zote. Ubao uliolazwa juu ya mfereji ukawa daraja. Ikulu ya kifalme ikawa nyumba ya mwalimu mkuu, ambaye hakuulizwa, na ambaye siku ya kwanza alifungua mlango na taulo kiunoni akakuta darasa zima limejipanga linashangaa ikulu. Akafunga mlango. Darasa likapiga makofi, maana Mwalimu Rwegoshora alikuwa amewaambia kwamba ukiwa na bahati unaweza kumwona mwenye ikulu.

Sasa sikilizeni, hili chuoni hamkufundishwa. Majivu yachekecheni kwanza, yasibaki na vipande vya mkaa, la sivyo mtundu wa kwanza ataandika matusi kwenye ukuta wa ikulu. Lowesha ardhi kidogo kabla ya kumwaga, upepo usije ukakuhamishia mtaa. Hakikisha mbuzi wa jirani wamefungwa. Halafu usiwaache wanafunzi wamekaa. Mwalimu Rwegoshora alikuwa anasema mtu hasimulii vizuri mahali ambapo hajapakanyaga, basi tuliwakanyagisha. Mmoja anakuwa mwongozaji, wengine wageni. Geuka kushoto, vuka mto, mbele yako kuna nini, kilijengwa kwa ajili gani, nani anaishi humo? Kulia na kushoto kwa Kiingereza vinaingia kupitia miguu. Nimeona mtoto aliyeshindwa kabisa akiwa kwenye dawati, akaelewa siku alipotumbukia Mto Thames.

Na maswali waacheni waulize ya kwao. Nyie mnakuja na maswali ya kitabuni, eti daraja hili lina rangi gani, halafu mnalalamika kwamba wanafunzi wa huku wagumu. Mimi niliwaeleza watoto kwamba London kuna daraja linalofunguka katikati ili meli ipite. Hakuna aliyeishangaa meli. Mmoja akanyoosha mkono, uso umekunjamana kwa wasiwasi, akauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, "Na kama ng'ombe wako katikati?" Toba! Darasa lilipasuka. Wengine walimlaumu mchungaji kwa kutotazama mbele, wengine mwenye daraja kwa kutopiga filimbi, wakabishana mpaka kengele ikalia, na walibishana kwa Kiingereza kwa sababu niliwaambia Kikurya kikisikika daraja linafungwa.

Siku nyingine tulifika kwa wale askari wa ikulu wenye kofia za manyoya, wasiocheka, wasiotikisika, nzi akitua puani wanamwacha. Kwetu kijana anapotahiriwa hatakiwi kupepesa hata jicho, ukoo wote umesimama unamtazama. Msichana mmoja akatazama picha yao kitabuni kwa makini, akasema, "Mwalimu, hawa wamefaulu. Waambie waende nyumbani wakale." Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya wale askari, na kitabu chenyewe kilikuwa kimeandika ukurasa mzima.

Matunda ya London yetu yalionekana kwenye mitihani. Mmoja aliandika kwamba ikulu ya Uingereza iko mkabala na vyoo vya wavulana. Mwingine akaonya kwamba Mto Thames hukauka mwezi wa saba na huchimbwa upya na wachelewaji. Mwingine akasema ukipita karibu na mnara wa saa uwe mwangalifu, kuna nyuki. Mkaguzi mmoja alifunga safari kuja kuuliza shule hii inafundisha London ipi. Mwalimu Rwegoshora akamkalisha, akaanza kumjibu kwa kile Kiingereza chake, na kabla hajafika katikati ya sentensi ya kwanza mkaguzi aliomba maji ya kunywa na kuuliza basi la kurudi Musoma linaondoka saa ngapi.

Tena yupo mwanafunzi wangu mmoja aliyefika London kweli, kasomeshwa huko uuguzi. Akanipigia simu akitweta. "Mwalimu, umenipoteza! Nimevuka daraja, nimegeuka kulia kama ulivyotufundisha, natafuta ikulu, nimekuta duka la soksi!" Nikamwuliza kama ameanzia kwenye stoo ya majembe. Akasema London hakuna stoo ya majembe. "Basi tatizo ni la kwao," nikamwambia. "Sisi tuliipanga vizuri." Tulicheka mpaka salio lake likakata.

Najua mnachotaka kusema. Kwa nini London, mama, kwa nini si Dodoma, makao makuu yetu wenyewe? Mnadhani sikujaribu? Nilichora Dodoma, Bunge na kila kitu, darasa likanitazama kwa huruma. Wakaniuliza, "Mwalimu, tukifika Dodoma tutamwuliza mtu njia kwa Kiingereza, huyo mtu hatatudhania wagonjwa?" Nikafuta Dodoma, nikarudisha Mto Thames. Ndiyo shida ya Kiingereza chetu. Tunakifundisha kama nguo ya sikukuu, halafu tunashangaa mtoto hajui kukivaa siku ya kazi.

Lakini habari niliyotaka kuwapa ni ya Mwita.

Nilipostaafu nilifungua darasa la watu wazima hapa Mugumu, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa, mchana baada ya watu kutoka shambani. Waliokuja ni vijana waliotaka kazi kwenye hoteli za kitalii kule upande wa geti la Ikoma, na kina mama wanaouza vikapu na shanga kwa watalii kando ya barabara. Nikachora London kama kawaida yangu, nguzo ya kengele ya kanisa ikawa mnara wa saa. Safari hii ikulu ilikuwa kibanda cha mlinzi wa kanisa, chumba kimoja chenye kitanda cha kamba na ndoo, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mlango unaotazama mto.

Mwita alikuwa dereva wa bodaboda Tarime na Sirari mpaka alipoingia mtaroni na pikipiki yake. Mguu ulivunjika, ukaungwa vibaya. Pikipiki hawezi tena, jembe hawezi, kukimbiza ng'ombe ndiyo kabisa. Kilichobaki kizima ni mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa mali: Kiingereza cha mpakani, cha haraka, kimechanganyika na Ukenya, kinatoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Alihamia Mugumu kwa kuwa ndiko kwao mke wake, Bhoke. Bhoke ndiye aliyekuwa analima vibarua na kumlisha. Sasa nyie wageni hamjui, mwanaume wa Kikurya kukaa karibu na ukweni akilishwa na mke ni aibu inayomla mtu mchana kweupe. Mwita alikuwa anaongea sana ili asiulizwe anafanya kazi gani.

Na katika darasa lile lile alikuwepo Mama Bhoke. Mama mkwe wake. Mama wa watu, mpole lakini si wa kuchezewa, kiongozi wa kile kikundi cha wauza vikapu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni wakicheka, na mwanaume haingii chumba chenye kitanda akiwa na mama mkwe, hata nyumba iwe inaungua. Si kwamba wanachukiana. Ni heshima, na heshima hiyo ndiyo inayoishikilia ndoa. Mimi ni wa hapa, sikuhitaji kuambiwa. Nikampanga Mama Bhoke kaskazini ya mto na Mwita kusini, kila mmoja akawa mwenyeji wa upande wake, masomo yakaenda vizuri kabisa. Akitaka kupita huyu, yule anatazama mnara wa saa.

Ikaja habari kwamba hoteli moja inatafuta mtu wa kutembeza wageni vijijini. Nafasi ilikuwa moja. Mwita aliposikia hakulala, mke wake aliniambia. Alikuwa anatembea chumbani akiwakaribisha wageni ambao hawapo. Meneja akatuma ujumbe kwamba atakuja mwenyewe kutazama darasa, achague.

Akaja. Mtanzania mwenzetu kutoka huko mjini, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha, miwani ya jua juu ya kichwa ingawa kulikuwa na wingu. Alitusalimia kwa Kiingereza, tukamjibu kwa Kiingereza, akashtuka kidogo. Nikamwonyesha London. Akacheka sana, akaipiga picha. "Safi, bibi. Nataka kuona mwongozaji akimtembeza mgeni kutoka mwanzo hadi mwisho. Wewe," akamnyooshea kidole Mwita, "mwongozaji. Na yule mama pale, awe mtalii."

Yule mama pale alikuwa Mama Bhoke.

Darasa zima likasema "Aaah!" Nikamsogelea yule meneja, nikamwambia taratibu kwamba hawa wawili ni wakwe, achague mwingine, wapo wengi. Akanitazama kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa. "Bibi, kule hotelini tunafanya kazi kwa weledi. Mambo ya mila tunayaacha getini." Mnasikia? Anatafuta mtu wa kuwaonyesha wageni mila, lakini huyo mtu mila yake aiache getini. Nilitamani nimpeleke kwenye ile ngome ya kukata vichwa.

Mwita akaniashiria kwamba niache. Akaanza. Jamani, kijana alifanya kazi! Alisimama upande wake wa mto, mguu mbovu ameuficha nyuma ya mzima, akamkaribisha mtalii London kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Mama Bhoke ng'ambo ya pili akawa anatembea taratibu, mkoba kwapani, akitazama kule anakoelekezwa, kila kitu ila Mwita. Mwita akamweleza mnara, akamweleza ngome na waliokatwa vichwa, akamweleza daraja na kwamba ng'ombe wapite mapema. Mama Bhoke akawa anajibu, "Very nice. Very nice, sir." Watu walikuwa wamesimama kwenye uzio wa kanisa wanatazama. Nilimwona meneja anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikaanza kuamini.

Halafu akasema, "Vizuri. Sasa mpe mkono avuke daraja, umwingize ikulu, umwonyeshe chumba cha mfalme."

Mkono. Daraja jembamba. Kibanda chenye kitanda. Mwita alisimama. Mama Bhoke alisimama. Darasa lilinyamaza, na nimeshawaambia jinsi hilo lilivyo gumu. Meneja akatazama saa yake. "Mtu anayeogopa kumpa mgeni mkono hanifai," akasema. "Nipe mwingine, bibi."

Ndipo Mwita, mtoto wa bodaboda, akafanya alivyozoea kufanya njia ikifungwa, akapita pembeni. Akaligeukia darasa, akapaza sauti kwa Kiingereza: "Mabibi na mabwana! Ng'ambo ya mto mnaona kivutio kikongwe kuliko mnara, kuliko ngome. Huyo ni mama mkwe wangu. Haguswi! Mwenye kamera apige picha akiwa upande huu huu, na atoe kofia."

Watu waliangua kicheko mpaka uzio wa kanisa ukayumba. Mama Bhoke mwenyewe alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yakawa yanacheka. Hapo hapakuwa na dharau yoyote, kila mtu aliyekuwepo alijua kijana amemkuza mkwe wake mbele za watu bila kuvuka mpaka. Ila meneja hakujua. Meneja alicheka kuliko wote, akapiga makofi, akapata wazo. Mungu awaepushe na mtu wa hoteli aliyepata wazo.

"Hiki ndicho wageni wanataka!" akasema kwa Kiingereza. "Nawachukua wote wawili. Kila jioni, wageni wakiwa wanakunywa, mama anatokea anamfuata mkwe wake kumpa mkono, wewe unakimbia na huo mguu wako, unajificha nyuma ya meza, anakufuata tena. Watakufa kwa kicheko! Kazi unayo, kijana. Unaanza lini?"

Mama Bhoke alikuwa hajaelewa, Kiingereza cha meneja kilikuwa cha kasi. Akaniuliza kwa Kikurya amesema nini. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia neno kwa neno. Aliivuta kanga yake akaikaza begani, akatazama chini. Nilikasirika, nawaambia kweli, lakini kazi haikuwa yangu, na wala mguu haukuwa wangu.

Mwita aliutazama mguu wake. Nilimjua kijana yule. Niliona anahesabu asubuhi zote ambazo Bhoke anaondoka na jembe na yeye anabaki kufunga mlango. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Nusu ya darasa ilikuwa inamwambia kwa macho, kubali, mura, kijana wetu, kubali, utamwomba mkwe msamaha baadaye. Meneja akaongeza, kwa upole kabisa, "Ufikirie huo mguu."

"Nimeufikiria," Mwita akasema. Halafu akarudi kwenye Kiingereza chake, kile kizuri, cha kuwakaribisha wageni. "Huyo hayumo kwenye ziara, bwana."

Meneja alishusha miwani yake kutoka kichwani, akaivaa, akaniambia kwamba nina darasa zuri lakini watu wangu hawana mtazamo wa kibiashara. Akaingia kwenye gari. Kazi nasikia alipewa mwingine, ambaye simlaumu, hajaoa. Gari lilipoondoka lilikanyaga nusu ya London, na vumbi likatufunika sote.

Ndipo kelele zikaanza. Vijana walimzonga Mwita. Mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema wenzake wanavuka bahari kutafuta kazi na yeye kashindwa kuvuka mfereji wa majivu. Mwita alikaa kwenye ukingo wa Mto Thames, akanyoosha mguu wake mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Nikaenda kusimama karibu naye.

Mama Bhoke akaniita. Alikuwa bado upande wake, hajasogea. Akaongea na mimi, macho yake kwenye mnara wa saa, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mwalimu wake.

"Mwalimu, mwambie mkwe wangu hivi. Sisi pale barabarani Wazungu wanapita na hatuna wa kuwasimamisha. Tunasema 'very nice' mpaka wanaondoka. Kuanzia kesho aje. Mimi nitakaa na vikapu upande wangu wa barabara, yeye asimame upande wake, awaite. Fungu atakalopata kwenye mauzo ni jasho lake, si hisani. Na mwambie aniletee Wazungu. London yake aiache hapa hapa."

Mwita alikuwa amekaa palepale, karibu kiasi cha kusikia hata pumzi zake, na alikuwa amesikia kila neno. Lakini ndivyo mkwe anavyoambiwa, kupitia mdomo wa mtu mwingine. Nikamgeukia, nikamweleza yote kutoka mwanzo hadi mwisho, sikupunguza hata moja. Alinisikiliza kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia. Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwalimu," akasema, "mwambie mama nitakuja mapema."

Nikageuka, nikamwambia.